Msomaji Anayeweza Kuchoka

Mwishoni mwa Machi 2025 shirika la NaNoWriMo, lililokuwa likiwakusanya waandishi kila Novemba ili kila mmoja aandike maneno 50,000 ya riwaya ndani ya siku 30, lilitangaza kwamba linafunga shughuli zake. Matanga yalikuwa mafupi. Wapo waliosema limeuliwa na akili mnemba. Wapo waliosema limejiua lenyewe. Na wapo waliosema halikuwa na sababu ya kuendelea kuishi, na hawa ndio walionifanya nishike kalamu. Siku hizi, wanasema, mwandishi asiyechapishwa hana haja na wenzake. Akitaka kuchapisha, anajichapishia. Akitaka wa kumsomea rasimu, programu ipo, haisinzii, haichelewi wala haina wivu. Kwa maelezo yao, kikundi cha waandishi ni benchi la kusubiria basi kwenye njia ambayo basi limeacha kupita.

Mimi naona wamekosea, na kosa lao limeanzia mbali. Wanadhani kikundi cha waandishi wasiochapishwa ni ukumbi wa kumngojea mchapishaji, kwamba watu wale wamekaa pamoja kwa kuwa bado hawajaitwa ndani. Mlango mwingine ukipatikana, basi ukumbi hauna kazi. Lakini aliyewahi kukaa humo miaka miwili mitatu anajua kwamba habari za wachapishaji huchukua dakika kumi za mwisho, watu wakiwa wameshaanza kukusanya mikoba. Muda wote uliotangulia hutumika kusomana. Hapo ndipo penye uhaba katika uandishi wa hadithi, na leo uhaba huo ni mkubwa kuliko jana. Kuchapishwa kumekuwa rahisi, na kuzalisha maneno kumekuwa rahisi zaidi. Kumpata mtu mwenye shughuli zake, anayeweza kuichoka hadithi yako na kuiweka chini, akakubali kuisoma hata hivyo na kukwambia aliiweka chini wapi, hakujawa rahisi hata kidogo.

Tuanze na marehemu mwenyewe. NaNoWriMo ilianza mwaka 1999 katika eneo la San Francisco, Marekani, pale Chris Baty na wenzake, jumla watu 21, walipoamua kuandika riwaya kwa mwezi mmoja. Ikakua hadi kuwa na washiriki mamia ya maelfu duniani. Kanuni yake ilikuwa hesabu tupu: maneno 50,000 kwa siku 30, yaani takriban maneno 1,667 kwa siku, yawe mazuri au ovyo. Hakuna aliyetakiwa kuyasoma. Kufungwa kwake kulitokana na mengi. Uongozi ulitaja hali mbaya ya fedha. Mwaka 2023 yalikuwa yamezuka malalamiko mazito kuhusu usalama wa washiriki wenye umri mdogo, na Septemba 2024 shirika likatoa msimamo kwamba kuipinga akili mnemba kwa ujumla wake kuna harufu ya ubaguzi wa kitabaka na wa kuwabagua wenye ulemavu. Baadhi ya waandishi wanaojulikana walijiondoa kwenye bodi yake kwa sababu hiyo. Kwa hiyo kusema akili mnemba ndiyo muuaji ni kurahisisha mambo, ingawa mashine inapoweza kukutolea maneno 50,000 kabla hujamaliza kuvaa viatu, ni kweli kwamba cheti cha kuhesabu maneno hakithibitishi tena kitu. Lakini kilichowarudisha watu mwaka hadi mwaka hakikuwa cheti. Walirudishwa na wale waliojitolea kuwakutanisha na majirani zao: meza moja, watu wanane, kimya, kila mmoja kainamia kazi yake, na mara moja moja mtu anainua kichwa kuuliza, "Umefika ngapi?" Meza ile haikuwa mali ya shirika, na kufungwa kwa shirika hakukuivunja.

Upande wa pili wa habari ni milango. Februari 2023 jarida la hadithi za kisayansi la Clarkesworld, moja ya majarida machache yanayolipa vizuri na kupokea kazi ya mtu yeyote bila kujali jina lake, lilisimamisha kupokea hadithi. Katika siku ishirini za mwanzo wa mwezi huo mhariri wake, Neil Clarke, alikuwa ameletewa hadithi takriban 500 zilizoandikwa na mashine. Jarida lilifunguliwa tena mwezi uliofuata likiwa na vichujio vipya. Septemba mwaka huo huo Amazon, ambayo tangu 2007 imemwezesha mtu yeyote kujichapishia kitabu cha kielektroniki, iliweka kikomo: mtu asipandishe zaidi ya vitabu vipya vitatu kwa siku. Ukitaka kujua tulipofika, isome tena sentensi hiyo. Vitatu kwa siku ni kikomo cha kudhibiti fujo, na kuna watu waliona kimewabana.

Hapo ndipo neno lenyewe, "asiyechapishwa", linapoanza kupwaya. Zamani lilimaanisha mtu ambaye mswada wake umekaa kabatini kwa kuwa hakuna aliyekubali kuugharimia. Leo mtu huyo anaweza kuuchapisha usiku huu na kesho akaamka mwandishi mwenye kitabu na asiye na msomaji. Tatizo halijaondoka, limehama tu kutoka kabatini kwenda sokoni. (Na tukiwa kwenye maneno, kuna hili la "mwandishi chipukizi". Nimewaona wenye mvi wakiitwa chipukizi, miaka ishirini wakiandika, riwaya nne zikiwa zimekamilika. Mche wa miaka ishirini hauitwi chipukizi. Ni mti ambao hakuna aliyepita chini yake.)

Sasa tuutazame uchumi wa meza ile, kwa sababu watu huuita urafiki wakadhani ni jambo la hisia tupu. Chukua kikundi cha watu watano wanaokutana kila wiki mbili, kila mmoja akileta maneno 3,000. Ili mimi nisomwe na watu wanne, sharti nisome maneno 12,000 ya wenzangu, tena kwa kalamu mkononi. Riwaya ya maneno 80,000, kwa mwendo huo, inahitaji vikao 27, yaani zaidi ya mwaka. Mwaka mzima watu wanne wanabeba kichwani wahusika wasiokuwepo popote duniani isipokuwa kwenye karatasi zangu, wanakumbuka kwamba shangazi alisema hajui kuogelea katika sura ya pili, na wananiuliza imekuwaje anaokoa mtoto mtoni katika sura ya tisa. Hakuna mhariri anayepokea rundo la miswada isiyoombwa atakayekupa hilo. Yeye ana kurasa chache za kuamua kama aendelee, na hana deni kwako. Kwenye kikundi kila mtu anadaiwa na kila mtu anadai. Watu huvumilia kusoma sura mbovu kwa kuwa kikao kijacho sura mbovu itakuwa yao.

Nitatoa mfano mmoja wangu, kisha niache. Katika kikundi nilichokuwamo alikuwapo muuguzi mmoja, mwandishi wa hadithi za kipelelezi, mtu wa maneno machache. Nilimpa sura niliyoipenda kuliko zote, mazungumzo marefu ya ndugu wawili kuhusu shamba la urithi. Ilirudi ikiwa haina alama hata moja hadi ukurasa wa kumi na nne. Hapo, pembeni, kwa penseli: "Hapa nilikwenda kupika. Nikarudi kesho yake." Sikumsemesha siku tatu. Miaka kadhaa baadaye niliitoa sura ile ile, bila kubadili neno, nikaipa programu ya akili mnemba inayojitangaza kuwa msomaji wa rasimu. Ilijibu kwa sekunde chache kwamba mvutano umejengwa kwa ustadi, kwamba urithi umetumika kama ishara ya kumbukumbu ya familia, na kwamba huenda ningefikiria kuongeza maelezo ya mandhari. Kuongeza!

Anayetetea mashine ana hoja, na baadhi ni nzito. Kwanza, vikundi haviko kila mahali. Mtu anayeishi mbali na miji, anayelea watoto wadogo, anayefanya kazi zamu za usiku, au ambaye mwili wake haumruhusu kutoka, hana meza ya kwenda. Kumwambia mtu huyo kwamba msaada wa mashine ni uzushi ni rahisi kwa aliyeshiba. Pili, mashine inajua sarufi, inaona jina la mhusika lililobadilika katikati ya kitabu, inakukumbusha kwamba mwezi ulikuwa mpevu jana na leo umekuwa mwandamo. Kazi hizo ni za kweli, na kuzifanya kwa jicho kunachosha. Tatu, haiumizi. Kuna watu waliosomwa vibaya mara moja wakaacha kuandika kabisa, na hilo si dogo. Zote tatu nazikubali. Ila ukizitazama vizuri, hata moja haigusi swali la hadithi. Hadithi ni dau: ninaweka mezani kurasa zangu, wewe unaweka muda wako, na mmoja wetu anaweza kupoteza. Mashine haijaweka kitu. Haina kesho ya kurudia, haina chungu jikoni kinachoiita. Ikisema "ukurasa huu unavutia" inakisia kile ambacho msomaji angesema. Muuguzi yule hakukisia. Aliinuka.

Watakaojibu kwamba mashine inaweza kufundishwa kukosoa vikali wana haki, inaweza. Ukiiambia iwe katili itakuwa katili, ukiiambia iwe mpole itakuwa mpole, kwa sura ile ile, dakika ile ile. Ndiyo shida yenyewe. Msomaji unayeweza kumpangia maoni yake kabla hajasoma ni kioo, na kwa muda wote niliotumia mbele ya kioo, sijawahi kukiona kikisinzia.

Mfano wa kale unaeleza jambo hili vizuri kuliko mimi. Mjini Oxford, miaka ya 1930 na 1940, walikutana marafiki waliojiita Inklings kusomeana kazi zilizokuwa bado hazijatoka. Miongoni mwao walikuwamo waandishi C. S. Lewis na J. R. R. Tolkien. Hawakuwa watu wasiojulikana, kwa hiyo mfano haulingani na wetu kwa kila kitu, lakini rasimu ni rasimu hata ya mwenye jina. Tolkien alipokuwa akiandika The Lord of the Rings, riwaya kubwa iliyokuja kutoka kati ya 1954 na 1955, Lewis alikuwa akimhimiza alete sura inayofuata, na Tolkien mwenyewe alikiri baadaye kwamba bila Lewis asingeimaliza. Kisa hiki husimuliwa sana. Kisichosimuliwa sana ni cha Hugo Dyson, mwenzao aliyezichoka sura zile waziwazi kiasi kwamba kulifika wakati akiwepo yeye, hazisomwi. Wengi humcheka Dyson leo. Mimi naona kikundi kilikuwa kamili kwa sababu yake. Hamu ya Lewis ilikuwa na uzito kwa kuwa kitini pembeni yake alikaa mtu aliyeweza kusema basi. Kama wote wangelazimika kusifu, sifa ya Lewis ingekuwa adabu tu.

Na adabu ndiyo gonjwa kubwa la vikundi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na vikundi vingi vimegeuka kuwa vyama vya kusifiana, kila mtu akilipa sifa apate sifa, hadi mswada unafika kwa mhariri wa kwanza ukiwa umepakwa mafuta miaka mitano bila kuguswa mfupa. Gonjwa jingine ni kufanana: baada ya muda watu watano wanaanza kuandika sentensi za mtu mmoja, kwa kawaida yule anayezungumza sana. Na kuna hofu ya kuibiwa, ambayo wageni huja nayo siku ya kwanza, wakishikilia karatasi zao kifuani. Hofu hii ina historia ya kuchekesha. Kati ya 2016 na 2022 Filippo Bernardini, aliyekuwa mfanyakazi wa nyumba ya uchapishaji mjini London, alijifanya kwa barua pepe kuwa mawakala, yaani watu wanaowatafutia waandishi wachapishaji, na wahariri wengine, akajipatia miswada zaidi ya 1,000 isiyochapishwa. Alikamatwa Januari 2022, na mwaka uliofuata akakiri kosa mahakamani New York. Alichokisema kujitetea ni kwamba hakutaka kuiuza, alitaka kuisoma kabla ya wengine. Ni uhalifu, na waliotapeliwa waliumia. Lakini nawajua waandishi wasiopungua kumi ambao wangempelekea miswada yao bure na nauli juu.

Halafu wivu. Kikundi kinaweza kustahimili kukataliwa kwa watu watano kwa miaka saba, kisha kikavunjika wiki mmoja wao anapopata mkataba. Siku ile kila mtu anapiga makofi. Kikao kinachofuata aliyefanikiwa anachelewa, na anapokosoa, maneno yake yana mwangwi ambao hayakuwa nao: yuko ndani anazungumza na walio nje, hata kama hajabadilika chochote. Baada ya miezi mitatu anaacha kuja kwa sababu ya tarehe za mhariri wake, na wanaobaki wanagundua kwamba walimpoteza msomaji bora waliyekuwa naye. Ni msiba wa kweli ambao hakuna anayethubutu kuuita msiba, maana yote haya yalifanyika ili siku ile ifike. Nimesikia ikisemwa kwamba wivu huu unathibitisha vikundi ni hatari. Kwangu unathibitisha kwamba mzigo ule wa kusomana ulikuwa halisi. Huwezi kumwonea wivu mtu ambaye sentensi zake hukuzibeba.

Hoja dhaifu kuliko zote nimeiacha hadi hapa, ingawa ndiyo inayosikika zaidi: kwamba mwenye kipaji hahitaji meza wala mashine, kwa maana nyota njema huonekana alfajiri. Wanaoisema hukutajia mwandishi maarufu aliyekataliwa na wachapishaji 12 kisha akauza mamilioni. Visa hivyo ni hesabu ya waliopona tu. Waliokataliwa mara 12 wakaishia hapo hawana wa kuwasimulia, kwa hiyo hatuwezi kujua ni wangapi wala walikuwa wazuri kiasi gani. Tunachoweza kufanya ni kumtazama aliyeponea tundu la sindano. Mwandishi Mmarekani John Kennedy Toole alifariki mwaka 1969 akiwa na umri wa miaka 31, riwaya yake, A Confederacy of Dunces, ikiwa imekwama baada ya mawasiliano marefu na mhariri mmoja ambaye hakuridhika. Mama yake, Thelma, ndiye aliyeuhangaikia mswada ule, mwisho akamng'ang'ania mwandishi Walker Percy, aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini New Orleans, hadi akaupokea. Percy ameeleza mwenyewe kwamba alianza kusoma akitumaini utakuwa mbaya vya kutosha aweze kuacha bila kuona haya. Haukuwa. Ulichapishwa mwaka 1980, na 1981 ukapata Tuzo ya Pulitzer. Sioni nyota yoyote ya alfajiri katika kisa hicho. Naona mama aliyekataa kuondoka mlangoni, na msomaji aliyekuwa na kila nia ya kuchoka akashindwa. Toole mwenyewe alikuwa na mhariri mmoja tu, mbali, kwa barua. Hakuwa na meza.

Kama hoja yangu ina ukweli, basi kuna mambo yanayofuata ambayo wachapishaji hawajayakabili. Kwa miongo mingi vikundi hivi vimewafanyia kazi bila malipo. Vimechuja na kupiga msasa miswada, na vimewashauri watu kwa upole wasubiri mwaka mmoja zaidi. Rundo la mhariri lilivumilika kwa sehemu kwa sababu sehemu ya kazi ilifanyika kabla. Vikundi vikisambaratika, na kila mtu akapeleka alichosifiwa na programu yake, rundo litakuwa kubwa na laini, kila mswada ukiwa hauna kosa la tahajia na hauna mtu aliyewahi kuinuka kwenda kupika. Jibu la haraka la wahariri ni lile tulilokwisha kuliona: kufunga mlango, au kuufungua kwa waliotambulishwa tu na mawakala. Atakayeumia kwanza ni yule yule aliye mbali na miji, ambaye mashine ilisemekana imekuja kumkomboa.

Vikundi navyo vina la kujiuliza. Vilivyojengwa juu ya kuhesabu maneno vimekwisha, na sioni haja ya kuvililia. Vile ambavyo mtu hasomwi kabla ya kusoma, vinavyokataa "nzuri sana" kama maoni, na vinavyomruhusu mwenzao kusema "niliacha hapa" bila kumtaka aeleze sababu za kitaalamu, hivyo sidhani kama vina mshindani. Mashine waitumie watakavyo kwa tahajia na kwa mwezi mpevu, hapo haina ubaya. Ugumu uko kwingine, nao ni wa zamani: kumwambia mtu unayempenda kwamba alikuchosha, na kurudi wiki mbili baadaye kukaa naye tena.

Ninasema hivi nikiwa mdaiwa. Sura ya kumi na moja ya muuguzi yule iko mezani kwangu tangu Jumatatu, maneno 3,000 kasoro kidogo. Ukurasa wa tano niliushusha nikaenda kulala, na penseli bado iko hapo hapo katikati ya karatasi.